Kulipia Kupanda Ndege Mapema na Kushikiana Viti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Abiria wawili wanaogombea kiti ndani ya ndege mara nyingi wote wawili wanaamini wana haki, na wote wawili wamelipa. Mmoja alilipa ili atangulie kuingia na sasa anamshikia mwenzake kiti cha jirani, mwingine akalipa nauli akijua kwamba kiti kisicho na mtu ni cha atakayekifikia. Ukurasa huu unajibu maswali ya pande zote mbili. Msimamo wangu ni kwamba ada ya kupanda mapema inakununulia zamu yako wewe, haimnunulii mwenzako aliye nyuma kwenye foleni. Lakini naamini pia kwamba mengi huwezekana mtu akiomba vizuri, na kwamba mashirika ya ndege ndiyo yenye deni kubwa zaidi katika ugomvi huu.

Nikilipia kupanda mapema, hasa ninakuwa nimenunua nini?

Soma maelezo kabla ya kulipa, kwa sababu jina moja linabeba bidhaa tofauti. Kwa mashirika mengi unanunua zamu tu: kundi lako linaitwa mapema langoni, basi. Kiti chako ni kilekile kilichoandikwa kwenye pasi ya kupandia, na nauli yako inabaki ya daraja lilelile.

Kwingine zamu imefungwa pamoja na mzigo. Kwa Ryanair, shirika la bei nafuu la Ulaya, abiria wa kawaida anaruhusiwa begi dogo la kuweka chini ya kiti cha mbele yake, na anayelipia kipaumbele anaongezewa begi la kilo 10 la kuingia nalo ndani. Wengi wanaonunua kipaumbele hicho hawana haja na zamu, wanachotaka ni begi. Ukijua hivyo hutashangaa kuona foleni ya wenye kipaumbele ikikaribia urefu wa ile nyingine.

Ada hizi kwa kawaida hutozwa kwa kila abiria na kwa kila safari ya upande mmoja. Familia ya watu wanne wanaokwenda na kurudi italipa mara nane. Piga hesabu hiyo mapema.

Kwa nini zamu ya kupanda imegeuka kuwa kitu cha kuuzwa?

Kwa sababu ya mabegi. Mwaka 2008, bei ya mafuta ilipopanda sana, American Airlines ilianza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza linalokwenda chini ya ndege, na mashirika mengine makubwa ya Marekani yakafuata. Abiria wakafanya kile ambacho yeyote angefanya: wakaingia na mabegi yao ndani. Makabati ya mizigo yaliyo juu ya viti hayakuongezeka, yakawa yanajaa kabla ndege haijajaa. Aliyechelewa kuingia akaanza kunyang'anywa begi langoni na kupelekewa chini.

Hapo ndipo kuingia mapema kulipopata thamani. Mashirika yaliweka bei kwenye begi, bei hiyo ikazaa uhaba wa nafasi juu, kisha uhaba huo nao ukauzwa. Naliona jambo hili kuwa si la haki kwa abiria, na nadhani tungelielewa sote tungeacha kuwakasirikia wenzetu ambao wamebanwa kama sisi.

Fedha zenyewe si kidogo. Kamati ndogo ya uchunguzi ya Seneti ya Marekani iliripoti Novemba 2024 kwamba mashirika matano (American, Delta, United, Frontier na Spirit) yalikusanya dola bilioni 12.4 kutokana na ada za viti peke yake kati ya 2018 na 2023. Hizo ni ada za kuchagua kiti. Mabegi yana hesabu yake.

Kwa nini Southwest Airlines hutajwa kila mara suala la kushikiana viti linapozungumzwa?

Kwa sababu ndilo shirika kubwa la Marekani lililodumu muda mrefu kuliko mengine na utaratibu wa kila mtu kukaa anapotaka. Lilianza safari mwaka 1971 kati ya Dallas, Houston na San Antonio, na kwa zaidi ya miaka 50 pasi yake haikuwa na namba ya kiti. Ulikuwa na herufi ya kundi, A, B au C, na kuanzia mwishoni mwa 2007 ukawa na namba ya kusimama kwenye foleni, ya 1 hadi ya 60. Kabla ya namba hizo watu walikuwa wakikaa sakafuni langoni muda mrefu kulinda nafasi zao ndani ya kundi. Namba zilimaliza hilo. Ndani ya ndege, aliyefika kwanza alichagua.

Mwaka 2009 shirika likaanza kuuza huduma iliyoitwa EarlyBird kwa dola 10 kwa upande mmoja. Wengi walidhani wananunua nafasi ya mbele kabisa. Kilichouzwa kilikuwa kidogo kuliko hivyo: mfumo ulikusajili wenyewe kwa safari saa 36 kabla ya kuondoka, wakati abiria wengine walisubiri hadi saa 24. Namba nzuri ilikuwa matarajio, haikuwa ahadi, na shirika lenyewe lilisema halikuhakikishii kundi A. Baadaye bei ilipanda ikawa inategemea safari. Kulikuwa pia na njia ya kununua moja ya nafasi 15 za mwanzo kabisa, iliyoanzia dola 30, kama zilikuwa zimebaki siku ya safari.

Sasa fikiria wanandoa. Mmoja analipa, anaingia akiwa wa ishirini, anakaa dirishani safu ya tano, anaweka koti katikati na begi kando ya ujia. Mwenzake ana namba 40 ya kundi C. Kati yao wapo zaidi ya watu mia, na kila mmoja wao atapita akiuliza kuhusu viti hivyo viwili. Shirika halikuwa na kanuni inayokataza jambo hilo wala inayoliruhusu. Liliwaachia abiria wamalizane.

Hayo yamekwisha. Southwest ilitangaza mwaka 2024 kwamba itaanza kupanga viti, ikieleza kuwa asilimia 80 ya wateja wake wanapendelea hivyo, na safari za viti vilivyopangwa zikaanza tarehe 27 Januari 2026. Ulaya walitangulia: easyJet iliacha kukaa huru Novemba 2012, na Ryanair ikafanya hivyo Februari 2014. Lakini tabia ya kushikiana haikufa. Imehamia kwenye makabati ya juu, kwenye viti vitupu baada ya mlango kufungwa, na kwenye foleni ya langoni.

Pale ambapo viti ni huru, aliyelipa anaweza kuwashikia wenzake?

Kwa haki, hapana. Alilipia zamu moja, na zamu moja inachukua kiti kimoja. Anayeshika viti vitatu kwa ada moja anawarudisha nyuma watu wawili ambao huenda nao walilipa, tena kwa shirika lilelile na kwa ahadi ileile.

Kwa ubinadamu, inategemea unashika nini na wapi. Kumshikia mtu mmoja kiti cha katikati, nyuma ya nusu ya ndege, sioni kama kunamuumiza yeyote. Kiti cha katikati ndicho kinachobaki mwisho, na wanaopita watakushukuru kwa kutowalazimisha kukichukua. Kushika safu nzima mbele ni jambo jingine kabisa, kwa sababu wanaoingia baada yako walikuwa wakizitarajia safu hizohizo. Safu za mlango wa dharura usizishike kamwe. Zina nafasi ya miguu, kila mtu anazitaka, na anayekaa pale lazima awe mtu anayeweza na aliye tayari kusaidia ndege ikilazimika kuhamwa kwa haraka. Mwenzako ambaye bado yuko kwenye foleni hawezi kuulizwa kama yuko tayari.

Kuna wanaojitetea kwamba ndege haikujaa. Kama kweli haikujaa, basi hakuna haja ya kushika. Viti viwili vya pamoja vitapatikana nyuma.

Nikiuliza "hapa pana mtu?" nikajibiwa "ndiyo, anakuja", nifanye nini?

Kwanza amua kama unakihitaji kiti hicho kweli. Kama nyuma yake kuna kingine kinachofanana, endelea na safari yako. Watu walio nyuma yako wamesimama na mabegi mikononi, na dakika mbili za mabishano ni dakika mbili za ndege nzima.

Kama unakihitaji, sema hivyo kwa upole na bila kuuliza tena kana kwamba unaomba ruhusa: "Samahani ndugu, viti ni huru, nami ningependa kukaa hapa." Wengi hupisha. Ukiona ni mtu mzima kuliko wewe, mwite mama au mzee, umpe nafasi ya kukueleza. Pengine anayemngoja ni mgonjwa wake, na hilo hubadilisha kila kitu.

Akikataa katakata, usimsogeze koti wala usimguse. Mwite mhudumu, useme swali moja tu: "Je, kiti hiki naweza kukaa?" Kisha kubali jibu lolote utakalopewa. Mhudumu ana mlango wa kufunga na abiria wengi wa kukalisha, na jibu lake ndilo litakalosimama hata kama umelipa.

Na mimi nikitaka kumshikia mtu, njia ya heshima ni ipi?

Nenda nyuma. Hiyo peke yake inamaliza robo tatu ya tatizo. Shika kiti kimoja, kiwe cha katikati, na umshikie mtu ambaye tayari yuko langoni. Usimshikie aliyekwama kwenye ukaguzi wa usalama na huenda asifike.

Mtu akiuliza, mwambie ukweli na umpe uamuzi: "Nilikuwa namngoja mwenzangu, lakini kama unakitaka, karibu." Utashangaa ni wangapi watasema "haya, kaa naye." Mtu akishaketi, imekwisha. Usimnong'oneze maneno, usigeuke kumtazama safari nzima.

Njia bora zaidi ni kulipia zamu zote mbili, au kutolipia hata moja na kuingia pamoja kwa namba ya yule aliye nyuma. Karibu kila shirika linaruhusu mtu kurudi nyuma kwenye foleni ili aingie na mwenzake. Kusonga mbele ndiko kunakokataliwa.

Kuweka begi au koti kwenye kiti kitupu ili watu wasikae je?

Hapana. Kujifanya kuna mtu wakati hakuna ni uongo, na anayeumia ni yule wa mwisho kuingia, ambaye mara nyingi ni abiria aliyekuwa akikimbia kutoka ndege nyingine.

Viti vimepangwa. Kuna faida gani ya kulipia kuingia mapema?

Faida ni kabati la juu. Nafasi ya juu ya kiti chako haikuandikwa jina lako. Ni ya atakayetangulia, hata kama umelipia kiti chenyewe kwa bei kubwa. Kama begi lako lina dawa, kifaa kinachovunjika, au una ndege nyingine ya kuunganisha kwa muda mfupi na huwezi kusubiri mizigo, kuingia mapema kuna maana.

Faida nyingine ni chache kuliko watu wanavyodhani. Kupanda mapema hakukushushi mapema: kushuka kunategemea safu uliyokaa. Kama una haraka ya kutoka, lipia kiti cha mbele, uache zamu.

Tena angalia jinsi mtakavyopanda. Mkichukuliwa na basi hadi kwenye ndege, wenye kipaumbele huingia kwanza ndani ya basi, husogea mbali na milango, kisha hushuka wa mwisho. Ukilipia zamu na ukaona basi, simama karibu na mlango. Na ndege ikipandwa kwa milango ya mbele na nyuma kwa pamoja, aliye safu ya mwisho akipita mlango wa nyuma analifikia kabati lake kabla yako, hata kama hakulipa senti. Ndege ndogo zina makabati madogo sana kiasi kwamba mabegi ya magurudumu hukusanywa mlangoni kwa kila mtu. Huko ada ya kupanda mapema ni hasara tupu.

Naweza kuwashikia wenzangu nafasi kwenye kabati la juu?

Adabu ni ileile ya viti, ila hapa wahudumu ni wakali zaidi, na wana sababu. Begi kubwa moja kwa mtu liende juu, likiwa limesimama kwa ubavu kama kabati linaruhusu. Begi dogo liende chini ya kiti. Koti liwekwe mwisho kabisa, juu ya mabegi, wakati watu wote wameshaingia.

Linaloniudhi kuliko yote ni anayekaa safu ya 27 lakini anaacha begi lake juu ya safu ya 6 akipita, ili alichukue akitoka. Anayekaa safu ya 6 atalazimika kupeleka begi lake nyuma, kisha tukitua asubiri ndege nzima ipite ndipo akalichukue. Kama kabati lako limejaa, mweleze mhudumu. Kusogeza mzigo wa mtu mwingine bila kumuuliza kunaanzisha ugomvi hata pale nia ikiwa njema.

Watoto wangu wametengwa na mimi kwenye viti. Lazima nilipe?

Inategemea unasafiri na nani na chini ya sheria ya nchi gani. Kanada imeandika jambo hili kwa uwazi zaidi: mtoto wa chini ya miaka 5 akae kiti kinachopakana na cha mzazi au mlezi; wa miaka 5 hadi 11 akae safu hiyohiyo, bila kutenganishwa kwa zaidi ya kiti kimoja; wa miaka 12 au 13 asiwe mbali kwa zaidi ya safu moja. Yote hayo bila malipo ya ziada. Marekani, Wizara ya Uchukuzi ilipendekeza mwaka 2024 kanuni ya kukataza ada hizo, na tangu 2023 ina ukurasa unaoonyesha mashirika yaliyoahidi kuwakalisha watoto na wazazi wao bure. Hispania ilitangaza Novemba 2024 faini za jumla ya yuro milioni 179 kwa mashirika matano ya bei nafuu, na miongoni mwa mambo yaliyotajwa ni kutoza ada ili mtu akae karibu na mtoto au mtegemezi wake; mashirika yalipinga.

Kwa vitendo: watie watoto na watu wazima kwenye tiketi moja, kwa sababu mfumo hauwezi kujua kwamba tiketi mbili ni za familia moja. Jisajilini kwa safari mara tu usajili unapofunguliwa. Mkiona mmetenganishwa, pigeni simu, kisha nendeni langoni mapema kabla foleni haijaanza. Kusubiri hadi mko ndani, mkaanza kuwaomba abiria mmoja mmoja, ni kumbebesha mgeni mzigo ambao shirika lilipaswa kuubeba.

Kwa abiria wengine nasema hivi: mtoto mdogo akihitaji kukaa na mama yake, tupishe. Hilo halihitaji kujadiliwa sana.

Wenye ulemavu na wazee nao hulipia kuingia mapema?

Hapana. Marekani, sheria ya mwaka 1986 inayokataza ubaguzi wa abiria wenye ulemavu, pamoja na kanuni zake, inalitaka shirika kumpa nafasi ya kutangulia mtu yeyote mwenye ulemavu anayejitambulisha langoni kwamba anahitaji muda zaidi au msaada wa kupanda na kuketi. Umoja wa Ulaya una kanuni yake ya 2006 inayotaka msaada huo utolewe bure. Omba huduma hiyo wakati wa kukata tiketi, halafu jitambulishe tena langoni.

Kuna manung'uniko kwamba baadhi ya watu huomba kiti cha magurudumu ili watangulie tu, kisha wakifika wanatembea wenyewe. Wapo, na wanawakosea wagonjwa. Lakini usimpime mtu kwa macho. Maradhi ya moyo, ya mapafu na ya viungo hayaonekani usoni, na mtu anaweza kushindwa kutembea umbali mrefu hadi langoni huku akiweza hatua chache za kutoka. Mwache apite.

Kusimama kwenye kundi lisilo langu kuna ubaya gani, kama hawaangalii?

Sasa wanaangalia. American Airlines ilianza majaribio mwaka 2024 ya mfumo unaotoa mlio pasi ya kundi la nyuma inaposomwa kabla ya zamu yake, na kabla mwaka haujaisha ukawa umefika kwenye viwanja zaidi ya 100. Anayeshikwa anarudishwa, mbele ya watu. Kama mwenzako ndiye mwenye kundi la mbele na mko tiketi moja, muulize mfanyakazi wa langoni kabla ya kufika kwenye mashine.

Makundi haya yote yanaharakisha upandaji?

Hapana, na hili linastahili kujulikana zaidi. Mwaka 2008 mwanafizikia Jason Steffen alichapisha utafiti kuhusu njia za kupanda ndege. Aligundua kwamba kinachochelewesha ni watu wachache kuweza kuinua mabegi yao kwa wakati mmoja. Ukiwaita watu wa safu za jirani pamoja, wote wanasimama mahali pamoja wakingojana. Njia yake inawatawanya: wa dirishani kwanza, tena kwa kuruka safu, ili wengi waweke mabegi kwa pamoja bila kugongana. Majaribio ya baadaye yakiwa na abiria 72 kwenye mfano wa ndege yalionyesha kwamba hata kuingia ovyo, bila mpangilio, kulikuwa kwepesi kuliko kuita safu za nyuma kundi kwa kundi.

United ilirudisha Oktoba 2023 utaratibu wa dirishani, katikati, kisha kando ya ujia kwa abiria wa daraja la kawaida. Lakini waliolipa na wenye kadi za uanachama bado wanatangulia, na wengi wao hukaa mbele, wakisimama kwenye ujia ambao wengine wote watapita. Kwa hiyo mtu akikuambia foleni zipo kwa ajili ya kuwahi kuondoka, mwambie zipo kwa ajili ya mauzo.

Niliyelipia kiti changu, lazima nikubali kubadilishana?

Huna wajibu wowote, na huhitaji kutoa sababu. "Samahani, nakipenda kiti hiki" inatosha.

Anayeomba ana masharti yake. Aombe kabla ya kukaa. Kumkuta mtu ameshakaa kwenye kiti chako na kuanza kukubembeleza ni kukulazimisha. Atoe kiti kilicho sawa au bora, kwa mfano dirisha kwa dirisha. Kumwomba mtu aache kiti cha kando ya ujia mbele akaketi katikati nyuma ni kumwomba zawadi, na zawadi haidaiwi. Apokee jibu la hapana kwa "asante, hakuna tatizo". Na wakikubaliana, wamjulishe mhudumu: katika ndege zenye abiria wachache watu hupangwa pia kwa ajili ya mgawanyo wa uzito, na huenda mkaombwa kusubiri hadi ndege iwe angani.

Naweza kununua kiti cha jirani ili kibaki kitupu?

Ndiyo, na ndiyo njia halali ya kushika kiti. Mashirika mengi huuza kiti cha pili kwa abiria mmoja, kwa anayetaka nafasi, kwa mwenye mwili mkubwa, au kwa ala ya muziki isiyoweza kwenda chini. Piga simu, usijaribu kwa jina la kubuni mtandaoni. Siku ya safari hakikisha pasi zote mbili zimesomwa langoni, maana kiti kisichosomwa huonekana kama cha abiria asiyefika, na kinaweza kupewa aliye kwenye orodha ya kungoja.

Lini nilipe, lini niache?

Lipa kama begi lazima liwe nawe, ndege imejaa, na nauli yako inakuweka kundi la mwisho. Lipa pia kama ada hiyo inabeba begi la ndani, na jumla yake ni ndogo kuliko kulipeleka begi chini.

Acha kama una begi la chini ya kiti tu. Acha kama kadi yako ya benki au uanachama wako tayari unakupa zamu hiyo. Watu wengi hulipia kitu ambacho wanacho. Na usinunue kwa hofu dakika ya mwisho kwenye mashine ya uwanjani, mahali ambapo bei huwa juu kuliko ulipokuwa ukikata tiketi.

Nimelipa, ndege ikabadilishwa, nikaingia wa mwisho. Narudishiwa fedha?

Daima dai. Marekani, kanuni ya 2024 ya Wizara ya Uchukuzi inalitaka shirika kurudisha ada ya huduma ya ziada uliyolipia na usiyopewa, kiti ulichochagua kikiwa mojawapo ya huduma hizo. Kwingine utategemea masharti ya mkataba, na mengi yake yanarudisha ada pale shirika lenyewe linaposababisha mabadiliko, lakini si pale wewe unapobadilisha safari au unapofika langoni kundi lako likiwa limeshaingia.

Hifadhi risiti ya ada na upige picha pasi zote mbili, ya zamani na mpya. Andika dai lako kwa maneno machache: ulilipia nini, tarehe ipi, safari namba ngapi, na ulipewa nini badala yake. Usilichanganye na malalamiko mengine kuhusu chakula au kuchelewa, kwani dai lenye jambo moja hujibiwa haraka zaidi.